San Quentin: Maradhi Yaliyoingia kwa Lango Lilelile

Aprili 14, 1918, gereza la San Quentin, kando ya ghuba ya San Francisco huko California, lilipokea mfungwa kutoka jela ya Los Angeles. Alikuwa ameugua tangu njiani. Hata hivyo alikula katika bwalo moja na wafungwa wengine wapatao 1,900, akafungiwa usiku pamoja na wageni wenzake, na mchana akachanganyika na watu uani. Siku iliyofuata alilazwa, lakini mafua makali ya mwaka ule yalikwisha kupata njia.

Daktari wa gereza, Leo Stanley, aliyafuatilia kwa kalamu. Siku za kawaida, wagonjwa 150 hadi 200 walijipanga kumwona. Aprili ile walipita 700. Hospitali ilifurika, na wengi walirudishwa wakajiuguze wenyewe. Waliolazwa walikuwa 101, na watatu kati yao walikufa. Stanley aligundua pia kwamba idadi ya wagonjwa ilipanda kila Jumanne na Jumatano, siku mbili tatu baada ya wafungwa kukusanywa ukumbini Jumapili kutazama sinema.

Oktoba maradhi yalirudi, yakiletwa tena na mfungwa mgeni kutoka Los Angeles, na Novemba likafuata wimbi la tatu. Stanley hakuwa malaika: anakumbukwa pia kwa kuwapandikizia wafungwa tezi za uzazi za wenzao walionyongwa. Lakini ripoti yake, iliyochapishwa 1919 katika jarida la afya la serikali ya Marekani, ilieleza bayana kwamba ugonjwa uliingia gerezani pamoja na mtu aliyehamishwa.

Karne moja baadaye, korona ilipoanza kuua wafungwa katika gereza la Chino, kusini mwa California, wakuu wa magereza waliamua kuwaokoa wazee na wenye maradhi sugu kwa kuwahamisha. Mei 30, 2020, wafungwa zaidi ya 120 walifikishwa San Quentin kwa mabasi. Hadi siku hiyo hakuna mfungwa wa San Quentin aliyekuwa amegundulika na virusi. Wengi wa wageni hao walikuwa wamepimwa wiki tatu au zaidi kabla ya safari. Wakawekwa katika jengo la ghorofa lenye seli za milango ya nondo, ambako pumzi ya mmoja ni pumzi ya wote.

Katikati ya Juni, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walikagua gereza na kushauri idadi ya wafungwa ipunguzwe kwa nusu. Waliona madirisha yaliyochomelewa yasifunguke. Walieleza pia kwamba wafungwa waliogopa kutaja dalili, kwa kuwa mgonjwa angetengwa katika seli zilezile za adhabu. Ugonjwa ukageuka kosa la kufichwa.

Wafungwa zaidi ya 2,000 waliambukizwa, 28 wakafa. Askari nao hawakunusurika, maana kuta haziwalindi watu wanaorudi nyumbani kila zamu inapokwisha. Mamia ya wafanyakazi waliugua, na sajenti aliyetumikia gereza hilo kwa zaidi ya miaka 30 alifariki Agosti.

Mwaka 2021, jaji wa kaunti ya Marin aliamua kwamba uhamisho ule, na jinsi gereza lilivyoshughulikia mlipuko, vilivunja haki ya wafungwa ya kikatiba ya kutopewa adhabu ya kikatili. Hata hivyo hakutoa amri yoyote, kwa sababu chanjo ilikuwa imekwisha kubadili hali. Haki ilithibitishwa kwenye karatasi baada ya mazishi.

Mwaka 1918, Stanley angeweza kujitetea kwamba hakujua kirusi ni nini. Waliopanga mabasi ya 2020 walikuwa na vipimo, na ripoti yake ilikuwa imechapishwa miaka 101 kabla. Kumpima mtu siku ya safari na kumtenga anapofika ni kazi ndogo kuliko kuhesabu maiti 29.