Nguo iliyopauka si ya kutupa: kisa cha nili, kaniki na pakiti ya rangi

Durban joto limepungua kidogo na upepo wa bahari unapuliza vizuri. Nimekuwa kimya muda mrefu kwa sababu ya zamu za usiku, mnisamehe. Leo nina mapumziko ya siku mbili, basi nimeona niwaandikie habari ambayo imekaa kichwani mwangu siku nyingi: habari ya kutia nguo rangi.

Nimeanza kuifikiria baada ya mdogo wangu kuona picha niliyotuma, nguo zangu zikichuruzika rangi kwenye kamba, akaniuliza: "Dada, kwani huko kwa Madiba hawakulipi mshahara?" Nilicheka, lakini swali lilinichoma kidogo. Nyumbani tunaamini aliye nje lazima avae kipya kila siku, na anayekarabati cha zamani amefulia. Sasa nisikilizeni. Suruali ya nesi inafuliwa kwa maji ya moto kila baada ya zamu, halafu inaanikwa kwenye jua la Durban ambalo halina huruma. Baada ya miezi michache ile bluu ya bahari inakuwa rangi ya majivu, wakati kitambaa bado kizima kabisa. Pakiti ya rangi ni bei ndogo sana ukilinganisha na suruali mpya. Pesa inayobaki mnajua inakwenda wapi, maana ada za shule huwa mnanitumia ninyi wenyewe!

Lakini si pesa tu. Nimesoma soma historia ya jambo hili, nikaona kwamba sisi watu wa pwani tuna deni kubwa kwa wanawake waliotia nguo rangi uani kwao.

Tuanze na neno lenyewe. Bibi zetu walikuwa wakitia "nili" kwenye shuka nyeupe zisionekane za manjano. Neno hilo limesafiri: asili yake ni Kisanskriti, nila, yaani buluu iliyokolea, likapita kwa Waajemi na Waarabu hadi kwetu. Wareno nao walilichukua kwa Waarabu wakasema anil. Mwaka 1840 mkemia mmoja alipopata kimiminika fulani kutoka kwenye nili, akakiita anilini. Kumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Nili ya asili hutoka kwenye majani, na ina tabia ya ajabu: haiyeyuki kwenye maji. Lazima uivundike mpaka hewa iishe ndani ya chombo, ndipo iyeyuke na kuwa ya kijani-manjano. Unachovya nguo, unaitoa, na ikikutana na hewa inageuka buluu mbele ya macho yako. Ndiyo maana kazi hii ilikuwa ya mafundi, na rangi ilikuwa mali. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika karibu mwaka 1516, anaeleza kuwa Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba, lakini kwa kuwa hawakuwa na utaalamu wa kutia rangi, walifumua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakachanganya nyuzi zake na zao nyeupe na kufuma upya. Yaani mtu anabomoa nguo nzima apate uzi wa rangi tu! Sofala ipo Msumbiji, pwani ileile ukishuka kuja huku niliko.

Sasa twende Unguja. Karne ya 19 Wamarekani walileta nguo nyeupe ngumu isiyosafishwa, nasi tukaiita merikani mpaka leo. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo ya watumwa na watu maskini, pamoja na kaniki, ile nyeusi-buluu ya nili. Mtu ukimwona tu amevaa merikani ulijua ni nani na hana nini. Wanawake waliokuwa watumwa walichukua merikani waliyopewa wakaitia nili wenyewe, ikawa nyeusi na kupendeza zaidi. Hebu fikirini: mtu hana haki hata juu ya mwili wake, lakini anakataa kuvaa nguo kama ilivyotoka mkononi mwa bwana. Hakuwa na uwezo wa kuibadili hali yake, akabadili rangi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja tarehe 6 Aprili 1897, wengi wao waliziacha merikani na kaniki, wakakimbilia kanga zenye maua na rangi. Kwao kanga ilikuwa ni kutangaza: sasa mimi ni mtu huru, nachagua mwenyewe. Kwa hiyo mkiwaona bibi wanavyozithamini kanga zao sandukuni, msiwacheke.

Na habari hii inafika mpaka Durban, tena kwa njia msiyoitegemea. Mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, Waingereza walianza kuwaleta hapa Durban watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa vile walipitia Unguja, mji mzima uliwaita "Wazanzibari". Walikaa Kings Rest, upande wa Bluff, wakajenga msikiti wao na kutunza lugha yao. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke kundi gani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, kwenye eneo la Wahindi. Wapo mpaka leo. Mara ya kwanza kusikia mtu wa Durban akijiita Mzanzibari nilidhani ananitania!

Turudi kwenye anilini. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa nyumbani kwao London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ikatoka zambarau ya kung'aa isiyotoka kwenye hariri. Hiyo ndiyo ikawa rangi ya kwanza ya kiwandani kuuzwa kwa wingi. Mnaona mambo? Malaria yetu ndiyo iliyozaa zambarau yao.

Hapa uuguzi unaingia. Rangi hizo za viwandani zilirudi hospitali. Ile dawa ya zambarau tuliyopakwa mdomoni utotoni, GV, ni rangi. Mwaka 1884 Hans Christian Gram alitumia rangi ya jamii hiyo kutenganisha bakteria chini ya darubini, na maabara bado zinafanya hivyo. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake walitibu wagonjwa wa malaria kwa rangi ya buluu iitwayo methilini buluu. Halafu miaka ya 1930 Gerhard Domagk wa Ujerumani akagundua kwamba rangi nyekundu iliyoitwa Prontosil inatibu maambukizi ya bakteria, na alimpa hata binti yake mwenyewe. Kutoka hapo zikaja dawa zote za salfa. Kwa hiyo nesi anapotia nguo rangi, hajatoka nje ya fani!

Lakini kila neema ina mwenye kuumia. Nili ya kiwandani ilianza kuuzwa na kampuni ya BASF ya Ujerumani mwaka 1897, mwaka uleule utumwa ulipofutwa Unguja. Bei ya nili ya majani ikaporomoka. Huko Champaran, India, wakulima walikuwa wanalazimishwa kulima nili kwenye sehemu 3 kati ya kila 20 za ardhi, na soko lilipoharibika wenye mashamba waliwatwisha hasara kwa kuwapandishia kodi. Mwaka 1917 alikwenda kuwatetea mwanasheria mmoja ambaye siasa alijifunzia hapa hapa Durban baada ya kufika mwaka 1893. Naam, Gandhi. Mwaka 1918 sheria ikapitishwa kuufuta utaratibu ule.

Huku kwenyewe nili inaheshimiwa sana. Kuna kitambaa kinaitwa shweshwe, buluu yenye nakshi ndogo nyeupe, jina linatokana na Mfalme Moshoeshoe I wa Wasotho, ambaye wamisionari Wafaransa walimpa zawadi ya nguo hiyo miaka ya 1840. Waxhosa wanakiita kwa jina la Wajerumani, kwa sababu walowezi wa Kijerumani walikuwa wakikivaa. Nakshi zake hazichorwi: kitambaa chote kinatiwa buluu, halafu dawa inaondoa rangi sehemu zinazotakiwa. Kikiwa kipya ni kigumu kwa wanga, kikifuliwa kinalainika. Kwa miaka mingi kilitoka Ulaya, mpaka kiwanda cha Da Gama, Zwelitsha, kilipoanza kukitengeneza mwaka 1982. Bibi harusi wa huku bila shweshwe, wakwe watanuna!

Najua mtaniuliza, je, na ile ya nyumbani inafanywaje? Rangi nzuri kwa pamba ni zile zilizotoka mwaka 1956, zinazoshikana na uzi wenyewe badala ya kukaa juu yake kama nili ya jinzi. Ili zishike zinahitaji magadi ya kufulia, ndugu yake yale tunayolainishia maharage, na dunia inayapata hata kutoka Ziwa Magadi, Kenya. Fua nguo kwanza, usiikaushe. Yeyusha rangi kwa maji kama pakiti inavyosema, tia chumvi, koroga bila kuchoka, kisha magadi. Suuza mpaka maji yawe meupe. Mambo ya kujua: poliesta haishiki rangi hii, kwa hiyo nguo ya mchanganyiko itatoka hafifu, na nyuzi za mishono zitabaki rangi yake ya zamani. Doa la jiki halifichiki vizuri. Na nguo nyeusi hairudi kuwa ya njano, msijidanganye.

Sasa neno la mwisho, nalisema kama nesi. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliona saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye ikajulikana kuwa baadhi ya kemikali za kutengenezea rangi ndizo zilizowaua. Rangi za pakiti za leo si zilezile, lakini unga wake usiuvute, na sufuria ya rangi isirudi kupikia ugali hata ikisuguliwa namna gani. Na ninyi mama zangu na dada zangu mnaotengeneza batiki kwa kostiki na haidro, nawasihi: glavu mikononi, kitambaa puani, fanyieni kazi nje kwenye hewa, na watoto wawe mbali. Kostiki ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 au zaidi bila kusimama, halafu hospitali moja kwa moja. Msipake maziwa wala mafuta.

Shangazi, zile glavu ulizoniomba nitazituma na mtu anayekuja mwezi ujao. Wiki nyingine nikipata nafasi nitawaandikia zaidi kuhusu hao Wazanzibari wa Chatsworth. Salamu kwa wote, mbaki salama.