Mbona Kila Stesheni Inapigania Saa Moja na Nusu? Hivi Ndivyo Ratiba ya TV Usiku Hupangwa

Pita Milimani hapa Nax saa moja jioni ikigonga. Kwa nyumba nyingi utaskia kitu moja: mziki wa taarifa. Mathe ameshika rimoti, buda anangoja siasa, watoi wanamalizia homuwaki kwa meza. Nusu saa baadaye hakuna mtu ameinuka. Hiyo si bahati, manze. Kuna msee ofisini Nairobi alipanga hivyo.

Taarifa ndio nguzo

Kenya, ratiba ya usiku imejengwa juu ya taarifa mbili: ya Kiswahili saa moja, ya Kingereza saa tatu. Hapo katikati ndio vita iko. Stesheni ikikushika na taarifa ya kwanza, alafu ikupe kipindi tamu bila kukupa nafasi ya kuguza rimoti, kuna chansi kubwa saa tatu itakupata ukiwa bado hapo.

Kila siku badala ya kila wiki

Kitambo show ilikuwa na siku yake. Papa Shirandula, Tahidi High, Machachari: ukikosa, unangoja wiki nzima. 2019 Citizen ikaleta Maria, drama ya Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na bwanake Rashid Abdalla, wenye pia walikuwa wakisoma taarifa hapo hapo Citizen. Ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu. Ilipoisha 2021, Zora ikaingia masaa hayo hayo, alafu Sultana. Stori zilibadilika, saa haikubadilika. Stesheni haiuzi kipindi pekee, inauza mazoea.

Doh nayo?

Tangazo la usiku ni ghali kushinda la mchana juu wasee wanaocheki ni wengi. Lakini drama ya hapa inataka waigizaji, kamera, mavazi na chakula ya watu wa seti kila siku ya kushuti. Telenovela ya Mexico au Ufilipino inanunuliwa ikiwa imeshamalizwa, na kawaida bei yake ni ya chini. Kwa hivyo show ya hapa ikipoteza watazamaji, matangazo yanahama, na kikosi kizima kinarudi kutafuta kazi.

Sheria pia iko

Mamlaka ya Mawasiliano inataka stesheni ziweke angalau asilimia 40 ya vipindi vya hapa nyumbani. Na kutoka saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku, lazima vipindi viwe vya kuangaliwa na watoto pia. Ndio maana zile scene za kukufanya ukohoe mbele ya mathe hungoja saa nne ipite.

Msimu wetu si kama wa Marekani

Kule, stesheni kubwa huonyesha wenye matangazo ratiba mpya mwezi wa Mei, na msimu unaanza Septemba. Huku, kalenda inafuata maisha: shule zikifungwa, mpira, Krismasi, uchaguzi. Agosti 2022, matokeo ya kura yalisukuma vipindi kando, usiku baada ya usiku.

Sasa, inapangiwa nani?

Wewe wa Milimani mwenye Netflix kwa simu, ratiba hii haikufikirii sana. Inafikiria nyumba ya Kaptembwo ama Rhonda yenye TV moja, king'amuzi kimoja na watu watano kwa sebule. Kipindi lazima kishike shosho, mathe na mtoi wa darasa la tano kwa mpigo. Ikishindwa kumshika hata mmoja, rimoti inahama mkono.

So ukikuta show unayoipenda imetolewa ghafla, usidhani script ilikuwa mbaya. Pengine ilikuwa poa kabisa, lakini ilipendwa na mtu mwenye hashiki rimoti.