Akili Moja kwa Watu Wote? Ibn Rushd na Suala la Dhima

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), Aliyempa kila mja nafsi yake na hesabu yake.

Mpenzi msomaji, mwezi Agosti mwaka 2013, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliunganisha bongo zao kwa intaneti. Mmoja alifikiria kusogeza mkono; ishara ikapita, na mkono wa mwenzake, aliyekaa mbali naye, ukabonyeza kitufe bila ya yeye kukusudia. Wako wanaotabiri kuwa ipo siku akili za wanadamu zitaunganishwa ziwe moja. Kwa mwanafunzi wa fiqhi swali ni hili: mkono kama huo ukiua, nani ataulizwa?

Wazo la akili moja si geni kwetu. Ibn Rushd, aliyezaliwa Qurtuba, Andalusia, mwaka 520 Hijria (1126 Miladia), na akawa kadhi wa Ishbiliya kisha wa Qurtuba, alisema katika sherhe yake ndefu ya kitabu cha Aristotle juu ya nafsi kwamba akili inayopokea maana ni moja kwa watu wote. Kinachomtenga Zayd na Amr ni picha za mawazo zilizomo ndani ya kila mmoja.

Imam Ghazali alikwishalijibu wazo la namna hii katika Tahafut al-Falasifa, mwaka 488 Hijria (1095 Miladia): Zayd anajijua kuwa si Amr, lau nafsi zao zingekuwa moja, ajualo huyu angelijua yule. Huko Ulaya, Thomas Aquinas aliipinga rai ya Ibn Rushd mwaka 1270, na Disemba mwaka huo askofu wa Paris akaipiga marufuku. Swali lilikuwa zito: akili ikiwa moja, thawabu ni ya nani na adhabu ni ya nani?

Hata hivyo, tumtendee haki Ibn Rushd. Alipoandika fiqhi, hakuitafuta akili ya wote. Katika Bidayat al-Mujtahid anataja khitilafu ya wanachuoni juu ya aliyelazimishwa kuua: wako waliosema kisasi ni kwa aliyelazimisha, wengine kwa aliyeua, na wengine kwa wote wawili. Katika rai hizo tatu, hakuna inayoiacha damu bila ya mtu wa kuulizwa.

Hapo ndipo pa kuanzia leo. Aliyetuma ishara ana nia yake. Aliyekubali kuvishwa mtambo kichwani ana ridhaa yake. Aya ya 164 ya Surat al-An'am imeliweka wazi jambo hili: dhambi ya mtu haihamishiwi kwa mwingine. Basi haihami hata kwa waya.

Wallahu a'lam.