Mipaka ya Dawa za Kupunguza Asidi katika Matibabu ya Mbwa na Paka

Asidi ya tumbo, ambayo huanza kuzivunja protini na kuua vijidudu vinavyoingia na chakula, hulaumiwa upesi kila mbwa anapotapika, ilhali kutapika ni dalili tu na aghalabu chanzo chake kiko kwingine. Katika eneo la Fort Ternan, kwenye miteremko inayoshuka kutoka nchi ya chai ya Kericho kuelekea bonde la Nyando, ambako mbwa hulinda boma na ng'ombe wa maziwa, vyanzo vinavyostahili kutafutwa kwanza ni mizoga, virusi vya parvo, minyoo na dawa za maumivu za binadamu.

Mnyoo mmoja, Spirocerca lupi, ambao utafiti uliochapishwa mwaka 1977 uliueleza kwa mbwa wa Kenya, unatosha kuonyesha hatari ya kuharakia dawa za asidi. Mbwa huupata kwa kula dundu wa mavi ya ng'ombe, au mjusi na matumbo ya kuku aliyekwisha kumla dundu huyo. Kisha mabuu hupenya kuta za mishipa ya damu hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, na kujenga vinundu ambavyo humfanya mbwa acheue chakula na ambavyo vingine hugeuka saratani. Omeprazoli haiui mnyoo hata mmoja, na mbwa wa namna hii akipewa dawa hiyo mwezi mzima, ni mnyoo unaopewa muda.

Hata hivyo, penye vidonda vya kweli dawa hizi ni za lazima, na hapo kosa la kawaida ni kuzitoa kwa unyonge. Jopo la wataalamu wa ACVIM, chuo cha Marekani cha tiba ya ndani ya wanyama, lilieleza mwaka 2018 kwamba omeprazoli, ambayo hufunga pampu zinazomwaga asidi, ikitolewa mara mbili kwa siku hushinda famotidini, ambayo huzuia histamini tu na hufifia nguvu ikitumika siku mfululizo; bali kwa uvimbe wa tumbo usio na vidonda, jopo halikuona ushahidi wa kutosha. Omeprazoli hutolewa kabla ya chakula kwa sababu pampu hufungika zikiwa kazini, na baada ya wiki tatu au nne hupunguzwa kidogo kidogo, kwani ikikatizwa ghafla asidi hurudi kwa wingi.

Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge vile vile vinavyomtuliza mchuma chai maumivu ya mgongo, hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo la mbwa na kulitoboa. Kumwongezea omeprazoli bila kuviacha ni kazi bure. Paka naye huweza kuuawa na kidonge kimoja cha parasetamoli. Mfugaji, basi, asianzie kwenye duka la dawa, bali amweleze daktari wa mifugo kila alichokula mnyama, na anayetapika damu au kutoa kinyesi cheusi kama lami afikishwe kwake siku hiyo hiyo.