Wazee, Mvua na Msitu wa Muhunda

Kabla ya ukoloni, Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja juu ya wote. Mambo ya jamii yaliamuliwa na wazee waliopanda daraja kwa marika, na wagimba, yaani waleta mvua, waliheshimiwa pengine kuliko yeyote: asiyesikilizwa na mawingu angesikilizwa na nani? Utawala na tambiko vilikwenda pamoja. Athens ya kale nayo ilifanya hivyo. Mkutano wa raia ulitanguliwa na kuchinja nguruwe ili kutakasa uwanja.

Wakoloni Wajerumani walitaka mtu mmoja wa kupokea amri. Mwaka 1915 Nyerere Burito akawa mtemi wa Butiama, hadi alipofariki mwaka 1942. Alirithiwa na mwanawe, Edward Wanzagi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta madaraka ya watemi. Rais wakati huo alikuwa Julius Nyerere, mwana mwingine wa Burito!

Msitu ulio karibu na Mwitongo, hapo Butiama, ni wa Muhunda, mzimu unaoheshimiwa na Wazanaki. Utemi ulifutwa kwa sheria, Muhunda hakuguswa. Tafadhali usikate mti wala tawi, na ukitaka kuingia, mwombe mwenyeji akuongoze.