Maillu, David G.

Maillu, David G. (alizaliwa 1939, Kilungu, Ukambani) ni mwandishi na mchapishaji wa Kenya, anayejulikana zaidi kwa riwaya za mapenzi na ashiki za miaka ya 1970. Kabla ya kushika kalamu alidodosa watu ili ajue wanapenda kusoma nini, kisha akawaandikia hayohayo: pombe, fedha, unyumba na vitanda vya wizi. Hakuwapigia magoti wachapishaji wakubwa. Alianzisha kampuni yake, Comb Books, jijini Nairobi.

*My Dear Bottle* (1973) na *After 4.30* (1974) zimeandikwa kwa mishororo mifupi kama ya shairi, katika Kiingereza chepesi cha mitaani. Hiyo ya pili inamhusu mpiga taipu na bosi wake, jambo ambalo karani yeyote wa Nairobi, Ruiru au Thika angelielewa bila mkalimani. Wahakiki wengi walizibeza kuwa takataka. Hawakumtendea haki: chini ya uchafu mna mahubiri, na wazinzi wake huishia pabaya. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976.