Bulabo, Tenzi na Ziwa: Imani Iliyoimbwa Mwanza

Nenda kwenye msiba wowote jijini Mwanza, uwe Nyegezi au Igoma, ukeshe na wafiwa. Mkatoliki na muumini wa Africa Inland Church (AIC) wataimba wimbo mmoja, bila kitabu, tena beti zote. Makanisa yao hayaafikiani kuhusu mambo mengi, ubatizo wa watoto ukiwamo, lakini tenzi za msibani hazimuulizi mtu dhehebu lake. Anayetaka kujua Mkristo wa ukanda huu anaamini nini hasa kuhusu kifo, taabu na rehema, asikilize anachokiimba saa nane za usiku, kisha aulize kilipitia njia gani.

Kilipitia majini. Mwaka 1877 wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society (CMS) walilifikia Ziwa Victoria, na kabla mwaka haujaisha wawili kati yao, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe. Mwishoni mwa 1878 Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki wakafika Kageye, pwani ya kusini. Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans wakavuka kwenda Buganda, na mwaka 1883 wenzao wakafungua misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza ya leo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa ameagiza mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Kwa mwanafunzi asiyejua kusoma, hiyo ilikuwa miaka minne ya kukariri kwa sauti, na wimbo ndio uliokuwa daftari lake.

Ng'ambo ya ziwa, Januari 1885, vijana watatu wa Kianglikana waliuawa Buganda kwa amri ya Kabaka Mwanga. Simulizi iliyoenea inasema waliimba hata moto ulipowashwa. Miaka michache baadaye Mwanga huyohuyo alipinduliwa, akakimbilia kusini na kupata hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi. Historia ya ziwa hili ina vituko vyake.

Nassa, upande wa mashariki wa Ghuba ya Speke, CMS waliikabidhi misheni yao kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Hapo ndipo lilipochipukia kanisa ambalo leo ni AIC Tanzania (AICT), lenye makao makuu yake Mwanza. Wamisionari hawa walikuja na tenzi za uamsho wa karne ya 19 za Marekani na Uingereza: maneno yametafsiriwa, tuni zimebaki zilivyo. Ndani yake kuna mtu mmoja mbele ya Mungu, dhambi zake, damu iliyomwosha, na safari yake ya kwenda nyumbani. Kwa Msukuma aliyeokoka, imani ilidai aache ngoma, pombe na matambiko. Sidhani ni haki kuidharau imani ya namna hiyo kwa sababu tuni zake ni za kigeni. Waliofundishwa kwa tenzi hizo walizifanya zao, na leo ndizo zinazoimbwa msibani na watu wasiojua kabisa zilitungwa wapi.

Lakini kilichotokea Bujora, Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, ni jambo jingine. Padre David Clement, Mkanada kutoka Quebec, alikwenda kwa manju, viongozi wa nyimbo na ngoma, badala ya kuwakimbia. Wasukuma walikuwa na vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyotajwa kuwa vilianzishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Vikishindana, vinacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Katika miaka ya 1950 Clement na wenzake walikusanya nyimbo, vyombo na habari za watemi, wakaweka msingi wa Makumbusho ya Wasukuma. Alama za Wasukuma zikaingia kanisani: jengo ni la duara kama nyumba ya msonge, na ala za utemi zinamheshimu Kristo kama mtemi. Misa ikaimbwa kwa mahadhi ya Kisukuma, ngoma zikipigwa, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa hati yake ya liturujia ya Desemba 1963 iliyotaka muziki wa wenyeji upewe nafasi.

Kilele chake ni Bulabo, Sikukuu ya Ekaristi, inayopata jina kutokana na maua ya maandamano. Asubuhi Sakramenti inatembezwa. Baadaye uwanja ni wa wachezaji, wengine na majembe ya ngoma ya bugobogobo, wengine na chatu shingoni. Hapa imani haiimbwi na mtu mmoja. Manju anaanza, kundi linaitikia, na anayeitikia anakiri kwa kinywa na kwa miguu. Wapo waliokereka, na hoja yao ina uzito: manju wengi walitegemea dawa ili wavute watu, na dawa haibatizwi kwa maandamano. Clement alikubali kuibeba hatari hiyo.

Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na wengi wao wakazikwa Igoma. Tenzi za dhoruba, nanga na nahodha zilizotungwa na watu wa bahari za mbali zilikuwa zinaimbwa na familia zilizosubiri miili ufukweni. Sijui mahubiri gani yangeweza kufanya kazi hiyo.

Siku hizi kwaya ndizo zinazoongoza. Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro na wenzao wana magitaa na kinanda, wanacheza kwa mpangilio, na waliokatazwa ngoma enzi za Nassa wangeshangaa kuwaona. Wakatoliki wana watunzi wao wanaoandika kwa nota za d, r, m na kugawanya sauti nne. Kwaya zikialikwa tamasha moja, kila moja huja na sare mpya na wimbo ambao haijauimba popote. Majaji hutoa alama zao, lakini watu huondoka wakibishana ni kwaya gani iliyowasimamisha wengi vitini, na Bagika na Bagalu wangeutambua ubishi huo mara moja.